Mtu Akiumia Kichwa: Kuamka Siyo Kupona

Leo tutajifunza juu ya kuumia kichwa. Tutaona ubongo unaumia namna gani ndani ya fuvu. Tutaona madaktari wanafanya upasuaji gani. Halafu tutaona kazi yetu sisi wa vijijini kabla mgonjwa hajafika kwa daktari.

Somo hili linatuhusu sana sisi wa Makunduchi na vijiji vya jirani. Tunakwea minazi. Tunapanda vespa na pikipiki. Tunapasua mawe na kuchimba visima. Watoto wetu wanapanda miembe. Wazee wetu wanateleza chooni usiku. Ajali ya kichwa haichagui mtu.

Soma polepole. Ukikuta neno gumu, tazama mwisho wa somo. Hapo maneno magumu yameelezwa. Kama mko darasani, someni kwa zamu.

KICHWA NI KAMA NAZI

Chukua nazi moja ambayo haijafuliwa. Nje kuna makumbi. Ndani ya makumbi kuna kifuu. Ndani ya kifuu kuna nyama ya nazi na maji.

Kichwa cha mtu kimepangwa kwa namna hiyo. Nje kuna nywele na ngozi. Chini ya ngozi kuna fuvu, nalo ni mfupa mgumu. Ndani ya fuvu kuna utando. Ndani ya utando umo ubongo, umezungukwa na maji kidogo. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo 1 na gramu 400. Ni laini sana. Lakini ndio unaoamrisha mwili wote. Unaamrisha mkono ushike, mguu utembee, ulimi useme, na kifua kivute pumzi.

Fuvu linaulinda ubongo. Lakini fuvu la mtu mzima lina jambo moja la hatari: halitanuki. Ukiumia mguu, mguu unavimba na ngozi inatanuka. Ubongo ukivimba, au damu ikivuja ndani ya fuvu, hakuna nafasi. Damu inaukandamiza ubongo. Ubongo unasukumwa chini, kwenye tundu ambamo uti wa mgongo unapita. Sehemu hiyo ya chini ndiyo inayoongoza pumzi. Ikikandamizwa sana, mgonjwa anaacha kupumua.

MAUMIVU YAKO YA AINA MBILI

Mtu anapopigwa kichwa, anapata maumivu ya kwanza palepale. Mfupa unaweza kupasuka. Ubongo unatikisika na kugonga fuvu kwa ndani. Maumivu haya yameshatokea. Hakuna daktari anayeweza kuyarudisha nyuma.

Maumivu ya pili yanakuja baadaye. Yanaweza kuja baada ya dakika chache, baada ya saa kadhaa, au baada ya siku. Damu inavuja taratibu na kuvilia. Ubongo unavimba. Mgonjwa akipumua vibaya, ubongo unakosa hewa safi. Maumivu haya ya pili ndiyo yanayowaua wengi waliokuwa na nafasi ya kupona. Lakini haya yanaweza kuzuiwa. Upasuaji ni kwa ajili hiyo. Na msaada wa watu wa nyumbani ni kwa ajili hiyo.

KUAMKA SIYO KUPONA

Tuchukue mfano. Mkwezi mmoja ameanguka kutoka mnazini saa 10 jioni. Amezirai kidogo. Wenzake wamemzunguka na kumwita. Baada ya dakika 5 anafumbua macho. Anauliza, "Kumetokea nini?" Anakaa. Anasema hana neno, kichwa tu kinamuuma. Watu wanamshukuru Mungu na kutawanyika.

Jioni anasema kichwa kimezidi kuuma. Saa 1 usiku anatapika mara 2. Baadaye anazungumza maneno yasiyoeleweka. Kisha analala. Anakoroma kwa nguvu. Mkewe anataka kumwamsha. Shemeji yake anasema, "Mwache apumzike, shemeji. Amechoka."

Hapo ndipo roho inapopotea. Huo siyo usingizi. Mkwezi huyu amepasuka mfupa karibu na panja. Mfupa wa hapo ni mwembamba. Chini yake umepita mshipa wa damu. Mfupa ukipasuka, mshipa unaweza kukatika. Damu inajikusanya kati ya fuvu na utando. Mwanzoni damu ni kidogo, ndiyo maana ameamka na kusema. Damu ilipozidi, ubongo ulianza kukandamizwa.

Mgonjwa wa namna hii akipasuliwa mapema anaweza kurudi mzima nyumbani kwake. Akiachwa alale, anaweza kufa kabla ya alfajiri. Kwa hiyo tukumbuke maneno haya: kuamka siyo kupona.

DALILI ZA HATARI

Mtu aliyeumia kichwa apelekwe hospitali mara moja akiwa na hata dalili moja kati ya hizi:

1. Alizirai, hata kama ni kwa dakika chache na sasa ameamka.
2. Haamki akiitwa, au anaamka kwa shida.
3. Anatapika zaidi ya mara moja.
4. Kichwa kinazidi kumuuma.
5. Anasema ovyo, au hawatambui watu anaowajua.
6. Anapata degedege.
7. Mkono au mguu wa upande mmoja umelegea.
8. Mboni ya jicho moja ni kubwa kuliko ya pili.
9. Damu au maji meupe yanatoka puani au masikioni.
10. Fuvu limebonyea, au jeraha ni la ndani.

Mtoto mchanga hawezi kusema kwamba kichwa kinamuuma. Ukiona utosi wake umevimba, au analia bila kunyamaza, au anakataa kunyonya, au amelegea, mpeleke hospitali. Usingoje.

Hata kama hana dalili, mtu aliyepigwa kichwa kwa nguvu asiachwe peke yake kwa siku 1 nzima. Akilala usiku, mwamsheni kila baada ya muda. Mwulizeni jina lake na mahali alipo. Akijibu vizuri, mwacheni alale tena. Akishindwa kujibu, tafuteni gari.

FANYENI HIVI

Kwanza, tazameni pumzi. Kama mdomoni kuna damu au matapishi, yatoeni ili hewa ipite.

Pili, linde shingo. Mtu aliyeanguka kutoka juu anaweza kuwa ameumia shingo pia. Msimwinue kwa kumvuta mikono. Mtu mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili, kikae sawa na mwili. Wengine watatu au wanne washike mwili. Mgeuzeni au mwinueni wote kwa pamoja, kama mnavyobeba gogo moja. Kama hakuna machela, tumieni ubao mpana au mlango.

Tatu, akitapika, mlazeni ubavu. Kichwa kisipindane na mwili. Matapishi yatoke nje, yasiingie mapafuni.

Nne, zuieni damu. Wekeni kitambaa safi na kukandamiza kidogo. Lakini kama mfupa umebonyea, msibonyeze pale. Funikeni tu kwa kitambaa safi. Kama kitu kimechoma kichwa, msikichomoe. Hiyo ni kazi ya daktari.

MSIFANYE HIVI

Msimpe chai, maji, uji wala kombe. Mtu asiye na fahamu hawezi kumeza. Maji yataingia mapafuni. Dua inaweza kusomwa hata ndani ya gari, nayo haimchelewishi mgonjwa.

Msimpe asprini. Asprini inafanya damu izidi kuvuja.

Msizibe pua wala sikio linalotoka damu. Msitie kahawa, majivu wala sukari katika jeraha.

Msimkalishe katikati ya watu wawili juu ya vespa. Shingo itayumba njia nzima.

ANDIKENI SAA

Ndugu msomaji, hapa ndipo kisomo chako kinapookoa maisha. Zamani yule aliyemsindikiza mgonjwa aliulizwa na daktari, "Ameanguka lini?" Alijibu, "Jioni jioni." Jibu hilo halimsaidii daktari. Leo wewe unajua kuandika. Chukua karatasi yoyote. Andika hivi:

Ameanguka: saa 10 jioni, kutoka mnazini.
Amezirai: kama dakika 5.
Ameamka na kusema: saa 10 na dakika 5 jioni.
Ametapika: saa 1 usiku, mara 2.
Ameanza kusema ovyo: saa 1 na nusu usiku.
Haamki akiitwa: saa 2 usiku.
Dawa aliyopewa: hakuna.

Karatasi hii ndogo inamweleza daktari mambo makubwa. Inamwambia kwamba mgonjwa aliamka, kisha akazidiwa. Akisoma hivyo, anajua kwamba huenda damu inajikusanya ndani.

Iko sababu nyingine. Kuna dawa ya kupunguza kuvuja kwa damu, inaitwa traneksamiki. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba dawa hii inaweza kuwasaidia baadhi ya watu walioumia kichwa, kama wakipewa ndani ya muda wa saa 3 tangu kuumia. Daktari hawezi kuhesabu muda huo kama hajui saa ya ajali.

TUFANYE HESABU

Mwaka 1981 madaktari wa Richmond, Marekani, walitangaza habari za wagonjwa 82. Wote walikuwa hawana fahamu, na damu ilikuwa imevilia chini ya utando wa ubongo. Waliopasuliwa ndani ya muda wa saa 4 tangu kuumia, walifariki watu 30 katika kila 100. Waliopasuliwa baada ya muda huo, walifariki watu 90 katika kila 100. Ugonjwa ni mmoja, na upasuaji ni mmoja. Tofauti kubwa ilikuwa muda.

Sasa tuhesabu sisi wa Makunduchi. Tuseme tuna muda wa saa 4. Tukadirie kwamba kutafuta gari na kumbeba mgonjwa kunachukua nusu saa. Kutoka Makunduchi mpaka Mjini ni zaidi ya kilomita 50. Tukadirie safari pamoja na kusimama hospitali ya karibu kwa huduma ya kwanza kuwa muda wa saa 1 na nusu. Kupimwa, kupigwa picha na kutayarishwa, tukadirie saa 1. Jumla ni saa 3. Imebaki saa 1 tu.

Saa hiyo 1 ndiyo yetu. Tukiitumia kubishana nani alipe gari, imekwisha. Tukiitumia kumngoja ami yake arudi kutoka baharini, imekwisha. Kwa hiyo kila mtaa uwe na mpango kabla ya ajali. Namba ya simu ya mwenye gari iandikwe ukutani. Sheha aijue. Jirani aijue. Mtu mzima wa ukoo anayeweza kutoa ridhaa ya upasuaji aondoke na mgonjwa garini. Asifuate kesho. Na vijana wawili au watatu wenye afya waende pia, kwani huenda damu ikahitajika.

HOSPITALI WANAPIMA NINI?

Kwanza daktari au muuguzi anatazama pumzi na damu. Mgonjwa akishindwa kupumua vizuri, anawekewa mpira wa hewa.

Halafu wanapima fahamu kwa alama. Kipimo hiki kilitangazwa mwaka 1974 na madaktari wawili wa Glasgow huko Scotland, Graham Teasdale na Bryan Jennett. Sasa kinatumika duniani kote. Wanatazama mambo matatu. Je, anafumbua macho? Alama ni 1 mpaka 4. Je, anasema? Alama ni 1 mpaka 5. Je, anatii na kusogeza viungo? Alama ni 1 mpaka 6. Mtu mzima wa afya anapata 15. Asiyeonyesha chochote anapata 3. Mwenye alama 8 au chini ya hapo ameumia vibaya sana.

Kisha mgonjwa hupigwa picha ya kichwa kwa mashine ya siti skani. Eksirei ya kawaida inaonyesha mfupa vizuri, lakini haionyeshi ubongo. Siti skani inaonyesha ubongo na damu iliyovilia. Daktari anaona damu iko upande gani na ni nyingi kiasi gani.

Tujue pia kwamba si kila aliyeumia kichwa anapasuliwa. Wengi hawahitaji kisu. Wanahitaji kutazamwa kwa makini. Ndugu wasiseme, "Hawajamfanyia kitu." Kumtazama kila mara ni kazi kubwa.

UPASUAJI WENYEWE

Watu wengi wanaogopa wakisikia kichwa kitafunguliwa. Basi tueleze kazi yenyewe, ili hofu ipungue.

Mgonjwa anapewa dawa ya usingizi. Hasikii maumivu. Nywele zinanyolewa na ngozi inasafishwa.

Aina ya kwanza ni kuondoa damu iliyovilia. Daktari anapasua ngozi na kuifunua. Anatoboa matundu madogo katika fuvu. Anakata mfupa kutoka tundu moja hadi jingine. Kipande cha mfupa kinatoka kama kifuniko. Kama damu iko juu ya utando, anaiondoa hapo. Kama iko chini ya utando, anaupasua utando na kuiondoa. Anautafuta mshipa unaovuja na kuuziba. Mwisho anarudisha kipande cha mfupa, anakifunga na kushona ngozi.

Aina ya pili ni kuinua mfupa uliobonyea. Mtu akipigwa na jiwe au nyundo, kipande cha fuvu kinaweza kuingia ndani. Daktari anakiinua, anatoa uchafu na vipande vya mfupa, na kusafisha. Asipofanya hivyo, vijidudu vinaweza kuingia kwenye ubongo.

Aina ya tatu ni kuupa ubongo nafasi. Wakati mwingine ubongo umevimba mno, na dawa zimeshindwa. Daktari anaondoa kipande kikubwa cha fuvu na hakirudishi siku ile. Ubongo unapata pa kuvimbia. Kipande hicho huweza kuhifadhiwa kwenye baridi kali, au kuwekwa chini ya ngozi ya tumbo la mgonjwa mwenyewe. Baada ya wiki au miezi, uvimbe ukiisha, mfupa hurudishwa mahali pake.

Hapa lazima tuseme ukweli wote. Utafiti uliotangazwa mwaka 2016, ukiongozwa na madaktari wa Cambridge, Uingereza, uliwafuata wagonjwa 408 wa namna hii. Baada ya miezi 6, waliopasuliwa walikuwa wamefariki kama watu 27 katika kila 100. Waliopangiwa kutibiwa kwa dawa walikuwa wamefariki kama watu 49 katika kila 100. Maana yake upasuaji uliokoa maisha ya wengi. Lakini baadhi ya waliookolewa walibaki na ulemavu mkubwa, na wengine hawakurudiwa na fahamu. Kwa hiyo ndugu wa mgonjwa wana haki ya kumwuliza daktari, "Akipona, mnatazamia atakuwa katika hali gani?" Daktari mwema atajibu anachokijua. Kuuliza si utovu wa adabu.

UPASUAJI HUU UNAFANYIKA WAPI?

Kwa miaka mingi Unguja haikuwa na kitengo chake cha upasuaji wa ubongo. Ilibidi mgonjwa avushwe bahari kwenda Dar es Salaam au mbali zaidi. Huko Dar es Salaam iko Taasisi ya Mifupa Muhimbili, yaani MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Taasisi hiyo inatibu mifupa, ubongo na mishipa ya fahamu.

Mwaka 2014 kitengo cha upasuaji wa ubongo kilifunguliwa katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, Mjini Unguja. Kilijengwa kwa ushirikiano na shirika la NED la Hispania, lililoanzishwa na daktari bingwa José Piquer. Madaktari wa nje wamekuja kupasua na kufundisha pamoja na madaktari wa hapa. Kwa hiyo safari ya bahari imepungua. Imebaki safari ya barabara, na hiyo iko mikononi mwetu.

Tusidhani kwamba kufungua fuvu ni jambo geni Afrika Mashariki. Wakisii wa Kenya walikuwa na mafundi wa kazi hiyo tangu zamani. Fundi huyo aliitwa omobari. Alikwangua mfupa wa fuvu kwa mtu aliyesumbuliwa na maumivu ya kichwa baada ya kupigwa. Alifanya hivyo bila dawa ya usingizi ya hospitali. Tunawataja kwa heshima, siyo ili tuwaige. Leo tuna dawa ya usingizi, tuna picha, na tunajua habari za vijidudu.

Wala tusidhani kwamba ujuzi huu ni wa watu wachache wa mbali tu. Mwaka 2006 daktari bingwa kutoka Marekani, Dilan Ellegala, alifika hospitali ya Haydom, kijijini, katika Mkoa wa Manyara. Pale alimfundisha daktari msaidizi, Emmanuel Mayegga, upasuaji wa kichwa. Mayegga naye akawafundisha wengine. Mwenye kujua akimfundisha mwenziwe, ujuzi unaongezeka. Nasi wa kisomo tunalijua hilo vizuri.

MZEE ALIYEBADILIKA TABIA

Iko aina moja ya damu ambayo inakuja polepole sana. Inawapata zaidi wazee. Mzee anagonga kichwa kwenye kizingiti. Haumii sana. Watu wanasahau. Baada ya wiki 3 au zaidi, mzee anaanza kusahau mambo. Anayumba akitembea. Analala mchana kutwa. Mkono mmoja unalegea.

Watu wanasema, "Ni uzee tu." Wengine wanasema amechezewa. Lakini huenda damu imejikusanya kidogo kidogo chini ya utando wa ubongo. Mara nyingi daktari hutoboa tundu moja au mawili tu na kuitoa damu hiyo. Wazee wengi hurudiwa na akili na miguu yao. Kwa hiyo mzee akibadilika ghafla, mwulizeni kama aliwahi kuanguka katika miezi miwili au mitatu iliyopita. Kama anakunywa dawa za kuzuia damu kuganda, mwambieni daktari.

AKIRUDI NYUMBANI

Upasuaji siyo mwisho wa matibabu. Wagonjwa wengine wanarudi wazima baada ya wiki chache. Wengine wanahitaji miezi, hata miaka.

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza, mgeuzeni kila baada ya saa 2, mchana na usiku, asipate vidonda. Wakati wa kula, mkalisheni wima. Mpeni chakula kidogo kidogo. Nyoosheni viungo vyake kila siku kama mlivyofundishwa hospitali. Semeni naye, hata kama hajibu.

Kama kipande cha fuvu hakijarudishwa, linde upande huo wa kichwa usigongwe. Asiulalie upande huo. Watoto wasicheze karibu na kichwa chake.

Akipewa dawa za kuzuia degedege, asiziache bila kumwuliza daktari. Degedege la namna hii linatokana na kovu la ubongo.

Anaweza kuwa mkali. Anaweza kusahau jina la mwanawe, au kulia bila sababu. Msimwite mwendawazimu. Msimfungie chumbani. Ubongo umeumia, kama mguu unavyoumia. Mguu uliovunjika tunauona, kwa hiyo tunauhurumia. Ubongo hatuuoni, lakini unahitaji huruma ileile. Na mke au mama anayemwuguza apumzishwe. Jirani ashike zamu hata kwa nusu siku.

KINGA

Vaa kofia ngumu unapopanda vespa au pikipiki, wewe na abiria wako. Funga mkanda wake chini ya kidevu. Kofia isiyofungwa inaruka kabla ya kichwa kufika chini.

Mkwezi atazame kamba yake kabla ya kupanda. Asipande mnazi ulioloa mvua. Watoto wasikae chini ya mnazi unapoangushwa. Kisima kijengewe ukingo. Mzee awekewe taa njia ya chooni.

Katika Mwaka Kogwa, hapa kwetu Makunduchi, wanaume hupigana kwa mabua ya migomba. Bua la mgomba ni laini na lina maji. Tulishike hilohilo. Gongo na jiwe visiingie uwanjani, wala katika ugomvi wowote.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini ubongo ukivimba ni hatari kuliko mguu ukivimba?
2. Mkwezi wa mfano wetu aliamka baada ya dakika 5. Kwa nini baadaye alizidiwa?
3. Shemeji alisema, "Mwache apumzike." Wewe ungemjibu nini?
4. Kutoka nyumbani kwako mpaka Mnazi Mmoja ni muda gani usiku wa manane? Fanyeni hesabu ubaoni.
5. Nani ana gari mtaani kwenu? Je, namba yake ya simu imeandikwa mahali ambapo kila mtu anaiona?

KAZI YA WIKI HII

Andika karatasi moja ya mfano, kama ile ya mkwezi. Acha nafasi za kujaza saa. Itundike ukutani pamoja na kalamu. Mwonyeshe kila mtu wa nyumbani. Kisha nenda kwa jirani asiyejua kusoma, umsomee dalili zile 10.

MAELEZO YA MANENO

Fuvu: mfupa wa kichwa unaofunika ubongo.
Kuvilia: damu kujikusanya mahali pamoja ndani ya mwili.
Mboni: duara jeusi la katikati ya jicho.
Panja: upande wa kichwa, kati ya jicho na sikio.
Ridhaa: kukubali kwa hiari.
Utando: ngozi nyembamba inayofunika kitu ndani ya mwili.
Utosi: sehemu laini juu ya kichwa cha mtoto mchanga.